Chupa Isiyo na Lebo

Meneja alinipa badala ya ovataimu:
chupa moja ya mvinyo wa mapovu,
lebo imebanduka kwenye ndoo ya barafu,
na mgeni, yule wa miwani ya jua mpaka usiku,
amekataa kunywa kitu kisicho na jina.
Nikaiviringisha ndani ya sweta, nikashuka nayo Njara kwa miguu.

Miaka minne nawachanganyia watu kokteli.
Mkono wangu unajua kipimo hata gizani.
Ulimi haujui kitu,
ila tone lililoteleza kwenye kidole gumba,
nikalilamba nyuma ya friji.

Leo Jumatatu, sina zamu.
Karakara sita za Kabundaire, zilizokunjamana ngozi;
zile nyororo zinazong'aa
waachie wanaonunua kwa macho.
Nakata, nakamua, nachuja kwa chujio la chai.
Mbegu zinang'ang'ania kama wapangaji.
Tangawizi naiponda na ganda lake.
Asali ya Bundibugyo, kijiko kimoja.
Kabahuma anasema viwili.
Vinakuwa viwili.

Sasa barafu,
na umeme umekatika tangu saa tisa.
Kunihira, anayeuza maji baridi kwenye vifuko,
katukopesha vifuko viwili, tayari vinatoka jasho.
Mama, kigodani, anaelekeza kwa midomo huko Rwenzori:
"Ile pale imekaa bure, haina mwenyewe,
nanyi mnakopa ya kwenye nailoni!"
Naifunga ndani ya taulo, naitwanga kwa mchi.

Bilauri za shingo ndefu hatuna.
Kuna chupa ya jemu, kikombe cha bati chenye ua,
na glasi moja ya kipaimara cha Kabahuma,
ambayo tangu kipaimara haijashika ila vijiti vya meno.

Hotelini kizibo hutolewa kwa pumzi,
kama mtu anayekumbuka jambo kanisani.
Tumefundishwa: msiwashtue wageni.
Nyumbani nilifungua waya, nikakiachia.
Kikagonga bati. Kuku wakatoka mbio chini ya meza,
na ng'ambo ya ua mtoto wa Kunihira akapiga makofi.

Juisi kwanza, mvinyo baadaye, kikombe kimeinama.
Ukoroge mara moja tu, kutoka chini,
kama unayemfunika shuka aliyelala.
Nikampa Mama kile cha bati.

Hakukipeleka mdomoni. Alikipeleka sikioni.

Huyu ndiye aliyekanyaga ndizi na nyasi
mpaka nyayo zikawa za kahawia,
tonto ikatulipia ada muhula baada ya muhula.
Usiku aliinama juu ya mtumbwi wake uliofunikwa majani,
akasikiliza, akarudi kulala,
na asubuhi akasema: leo, au: bado.

"Adyeri," akaniita, "hii bado inafanya kazi."
Nikamweleza: waliifunga kabla haijamaliza.
"Walikuwa na haraka?"
"Hapana, Mama. Ndivyo wanavyoitaka."
Akafikiri. Mapovu yakamrukia shavuni.
"Basi ni tonto iliyokatizwa maneno."

Kisha akanywa. Akapiga chafya.
Akanywa tena, macho kafumba, kidole cha mguu kinacheza.
"Inaitwaje?"

Kule ina jina la Kifaransa
na bei ya paja la mbuzi.
Nikamwambia haina jina; hata lebo ilitoka.
"Kitu kinachopumua hakikosi empaako," akasema,
akatazama bati, pale kizibo kilipoacha kishimo.
"Araali. Kwa ngurumo ile."

Tukamaliza kabla barafu haijaisha.
Kabahuma akageuza chupa, akaipiga kofi kitako,
tone la mwisho likamwangukia kuku.

Chupa haikutupwa. Ina mafuta ya taa siku hizi,
imezibwa kwa gunzi la hindi.
Na umeme ukikatika, kama ilivyo ada yake,
mmoja wetu hupapasa gizani, mwingine akasema:
mlete Araali.