Kitenzi Kisaidizi, Kidato cha Kwanza B

Madaftari arobaini na saba mezani,
kalamu nyekundu moja, wino unakatakata.
Upepo wa Bahi unasukuma vumbi chini ya mlango
kama mtu anayepitisha barua.
Nimefika daftari la thelathini na moja,
Sechelela Chalula. Ameandika kwa sikio,
mwandiko umelala kushoto:
«Mai faza izi go Mererani.»

Jana niliwaambia, chaki ikinivunjikia ubaoni:
Kiswahili chetu hubeba kila kitu tumboni.
Alikwenda. Amekwenda. Angalikwenda.
Wakati umo ndani ya neno kama kokwa ndani ya zabibu,
unatafuna vyote pamoja.
Kiingereza hakiwezi kujitwika.
Mmeiona foleni pale bombani?
Mama akishajaza ndoo huita, njoo unitwishe.
Anayemtwisha hafiki nyumbani kwake,
maji yale hayanywi,
ila bila yeye ndoo ingebaki chini.
Huyo ndiye hevu. Huyo ndiye wili. Huyo ndiye bini.
Na wapo wenye ndoo nzito, huwaita watatu kwa mpigo:
wili hevu bini.
Darasa likacheka. Masinga akanyoosha mkono:
«Ticha, kwa nini wasinunue toroli?»

Sasa niko peke yangu na sentensi ya Seche
na lazima nimchagulie mtu wa kumtwisha.

Nikiandika wenti, nimefunga mlango.
Alikwenda, basi,
kama walivyokwenda ng'ombe wa mwaka wa njaa.
Nikiandika hazi bini, nimemrudisha:
kwa Waingereza huyo ameshakwenda, ameshageuza,
yuko jikoni anaomba maji ya kunawa,
vumbi la Mererani lingali kwenye nyusi.
Nikiandika hazi goni, yuko hukohuko.
Bini. Goni.
Hakuna kitabu cha Wizara kilichonionya.

Namjua baba huyo. Alipanda lori la vitunguu
mwaka ule mpunga ulipoungua ukiwa kimo cha goti.
Aliniachia baiskeli yake niitunze.
Matairi nimeshabadili mara mbili.
Siku hizi naendea nayo shuleni,
na Seche huipita pale ilipoegemezwa
bila kuitazama.

Wiki iliyopita nilimuuliza, kando ya dirisha,
kwa lugha isiyo na alama wala mtihani:
Baba je?
Akasema, «Hajarudi.»
Hakusema hakurudi.
Hiyo ja, ndogo kama punje ya uwele,
humo ndani kuna kigoda kinachofutwa vumbi kila asubuhi,
kuna mlenda uliofunikwa kwa sahani,
kuna mvua ya Desemba ambayo, Januari hii ikiisha,
nayo haijanyesha.
Kuisema ja hiyo Kiingereza kinaita hazi,
kinaita noti,
halafu sentensi nzima ikishapita
yeti anakuja nyuma, anachechemea,
kama ndama wa mwisho kuingia zizini.

Nimeweka kalamu chini. Nimeiokota.
Nimekata izi, nimekata go,
juu yake nimeandika hazi goni,
nikapachika na tu kabla ya Mererani,
ile tu yao, ya kuelekea,
siyo yetu ya kupunguza.
Kisha pembeni, mahali pasipo na alama,
nikamwandikia sentensi ambayo hakuniomba:
Hi hazi noti kamu baki yeti.
Wino ukakatika kwenye yeti.
Nikaitikisa kalamu, nikaipumulia, nikaimalizia.

Daftari la thelathini na mbili. Masinga.
«Toroli wili kamu.»
Nimelisoma mara tatu nikitafuta kosa.
Nikaweka vema.