Ntu

Mimi fundi cherehani, Newala, mtaa wa Luchingu.
Sina cheo, nina maoni.

La kwanza: ming'oko isimenywe kwa kisu.
Ichemshwe, ipoe, uivute kwa meno,
ganda libaki mkononi, chumvi na pilipili, basi.
Anayeitaka na mayonezi kalelewa na televisheni.

La pili ni refu. Kaa hapo, sogeza vitambaa.

Bibi yangu Somoe Nampembe hakuwahi kusema mtu.
Alisema ntu. Nti. Nkeka. Nchele.
Nasi tukasema hivyo, na dunia ikatuelewa
mpaka darasa la tatu,
alipohamia Mwalimu Nyamhanga kutoka Tarime.
Kila ntu, viboko viwili.
Yeye saa sita alikula chakura,
kisha akaenda kurara.
Hatukucheka.
Mwenye fimbo hana lafudhi.

Basi nikajifunza kufunga mdomo.
Jaribu: mtu.
Midomo inabanana kwanza,
kama mlango unaokomewa mgeni hajapiga hodi.
Sasa sema: ntu.
Umeona? Ulimi juu, midomo wazi, meno nje.
Anaingia huku anacheka.

Mwanangu Dadi nikamlea kwa ile ya kubana.
Akisema nkono namkatiza, uji unapoa.
Jioni moja Bibi akamsimulia kisa cha sungura,
Kimakonde kitupu,
mtoto akanigeukia: "Anasemaje?"
Nikamtafsiria nusu.
Nusu nyingine sikuwa nayo tena.

Halafu mwaka jana, kikao cha wazazi,
ajenda matundu ya vyoo.
Nikasimama, gauni nimejishonea mwenyewe,
nikasema kwa sauti ya kusikika hadi dirishani:
"Mdugu zangu, mchi yetu hii..."

Walicheka mpaka mwenyekiti akavua miwani.
Nilikuwa nimebana midomo
hata pale pasipo na mlango.

Dadi alikuwa pale nyuma, anapanga viti.
Njiani akanisahihisha, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba:
"Mama, ni ndugu. Ndugu."
Ndugu, nikasema.
N.
Ile ile.
Tukatembea mpaka kwenye bomba la maji
bila yeyote kusema neno.

Sisemi shule zifungwe. Vyoo vilijengwa, matundu sita.
Wala sisemi Bibi alikuwa malaika;
alikuwa na ulimi wa upupu, Mungu amrehemu,
na mikopo yake dukani nililipa mimi.

Ila siku hizi mteja akisimama mbele yangu
napima kwa sauti:
nkono, inchi ishirini na tatu.
Nngongo, kumi na sita.
Daftarini naandika mkono, naandika mgongo.
Daftari lilisoma kwa Nyamhanga.

La tatu nitakwambia gauni lako likiisha.
Njoo Ijumaa.
Umeme ukiwepo.