Namba Moja Zaidi

Kocha Halvorsen amenipigia saa mbili usiku,
sauti ameishusha kama aliyekuja kumwona mgonjwa.
Wanamtaka Corwin Thibodeaux,
mrushaji, miaka ishirini na miwili,
na Tucson wameshataja bei:
chaguo la kwanza la mwaka huu,
chaguo la kwanza la mwaka ujao,
na mimi.

"Ungekuwa wewe, Otis, ungefanyaje?"
Nikacheka. Jogoo kuulizwa
kama wageni wapikiwe wali au ugali!

Duluth nzima haina habari nyingine.
Kinyozi ana rai yake. Daktari wa meno naye anayo,
ananipa huku kinywa changu kimejaa pamba.
Bandarini, meli za madini zinapongoja barafu ivunjwe,
wapakiaji wamegawanyika.
Wapo wasemao, mgeni njoo, mwenyeji apone;
misimu tisa tunapigwa, ugonjwa gani huu?
Wapo wasemao, kipya kinyemi, ingawa kidonda:
kijana amerusha mipira thelathini na mmoja tu
tangu aanze kulipwa.
Thelathini na mmoja. Januari ina siku hizo hizo,
na nani amewahi kuujua mwaka kwa Januari?

Mimi kazi yangu ni kusimama.
Miaka kumi na moja nimekuwa ukuta
mbele ya warushaji saba,
na sijawahi kumwona hata mmoja akirusha.
Nimewapa mgongo. Nawajua kwa pumzi:
yupo aliyehema kama mbwa aliyefungiwa garini,
yupo aliyesali,
yupo aliyenitukania mama kila Jumapili
kisha Krismasi akaniletea saa ya dhahabu.
Wanne walinunuliwa kwa bei ya mbingu.
Mmoja sasa anauza boti.
Anaziuza vizuri.

Huyu nilimwona mara moja, Agosti, mechi ya kujinoa,
mvua inanyesha, nami benchi, barafu gotini.
Dakika za mwisho. Watu watatu wakamvamia,
na mpokeaji wake ameteleza, yuko chini.
Akautupa ule mpira uliochongoka nje ya uwanja,
ukaangukia kwenye matarumbeta ya bendi.
Akaangushwa. Akainuka. Akafunga kamba ya kiatu.
Jukwaa likamzomea,
karani akaandika: pasi imepotea.
Mimi niliona mtu anayejua kupoteza kidogo
kikubwa kisimponyoke.

Lakini ni mpira mmoja, jamani,
mpira mmoja wa mvua, katika mechi isiyohesabiwa.
Kwa ushahidi huo ungeweka nyumba rehani?
Na huenda mkono ulimteleza tu.
Huenda mimi, kwa goti hili,
natafuta sababu ya kuuzwa kwa heshima.

Nikamwambia Halvorsen, mchukueni.
Nikamwambia pia, mnabomoa ukuta
mpate pesa ya kununua dirisha.
Nani atasimama mbele yake?
Akanyamaza. Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni,
kikizunguka, sukari ikiwa imeshayeyuka zamani.
"Tutatafuta," akasema.
Ndivyo walivyosema walipomwondoa aliyekuwa kushotoni kwangu,
na kushoto kwangu mpaka leo kunaingia upepo.

Nilipokata simu Maren alikuwa amepiga magoti sebuleni,
anamvika Signe buti mpya za theluji,
anabonyeza ncha, anatafuta kidole kilipoishia.
"Nimechukua namba moja zaidi," akasema. "Mguu utakua."
Sikumwambia kwamba Tucson hakuna theluji.
Nadhani alijua; risiti alikuwa ameikunja vizuri,
ameiweka chini ya kinara cha mshumaa, pale tunapoweka
vitu vinavyoweza kurudishwa.

Signe akaenda hadi mlangoni,
buti zinampwaya, kwap, kwap,
akageuka kwa fujo, mikono hewani,
na mimi, kwa mazoea, nikasogea mbele yake
nikampa mgongo.