Mstari Mmoja

Mlangoni pa ofisi, hapa Tunguu,
karatasi imebandikwa kwa gundi iliyogeuka manjano:
Ghanima Shehe Faki. Stashahada. Shahada.
Uzamili wa ng'ambo, na jina la chuo limekolezwa wino.
Katikati, mstari mmoja mwembamba:
Muuguzi, Micheweni, miaka kumi na mmoja.

Basi.

Hapakuandikwa usiku umeme ulipokatika
kichwa cha mtoto kishatokeza,
naye akaendelea kwa kupapasa,
kisimu cha tochi kakibana kwa meno.

Wala jina la yule mzazi
aliyevuja damu hadi alfajiri,
gari likingojewa kutoka Wete.
Jina hilo hatutajii.
Ila tukifika somo la damu
hufunga kitabu,
huvua saa, huiweka mezani:
"Hesabuni dakika arubaini. Kimya."
Nasi hukaa. Feni inalia.
Hakuna anayethubutu kukohoa.

Juzi Mselem kapima mapigo ya mkono,
kidole gumba kakitanguliza,
kaandika haraka, karidhika.
Bi Ghanima kamshika kiganja, taratibu:
"Gumba lina mapigo yake, mwanangu.
Hapo ulikuwa unajisikiliza mwenyewe."