Kutoka Mezani pa Saa

Ndimi niliyeketi mezani pa saa
miaka thelathini na mmoja, kidole juu ya kitufe,
nikiamua lini jasho lihesabiwe.
Nisikilizeni mimi. Gazeti lilifika kipindi cha pili.

Arlys Voskuil alikuja Januari
ya baridi inayogandisha kope,
na mipira kumi na minne garini
na mbwa mwenye jicho moja.
Chuo kikampa mshahara wa mpishi
na ofisi iliyokuwa stoo ya mikeka ya mieleka.
Miaka kumi na saba
barua zake zilinuka miguu ya wanaume.

Kwao ni kaskazini mwa Iowa, wajukuu wa Waholanzi,
mji ambao Jumapili hata mashine ya nyasi
haithubutu kunguruma.
Baba alifuga nguruwe.
Goli lake la kwanza: pete ya pipa
iliyopigiliwa juu ya mlango wa banda.
"Ndiyo maana sirushi kutoka kushoto," aliniambia.
"Kushoto kulikuwa na shimo la mavi."

Msimu wa kwanza alishinda mechi mbili,
akafungwa ishirini na tatu.
Alifua jezi mwenyewe.
Aliendesha basi mwenyewe, akivuka Nebraska
theluji ikija mlalo,
wasichana wamelaliana kama magunia ya soya,
naye akiimba zaburi ili asisinzie.

Hakupiga kelele. Alikunja mkono wa sweta.
Akikunja wa kwanza, waamuzi walikohoa.
Wa pili nimemwona akiukunja mara mbili tu.

Mara ya kwanza ni msimu wa tisa, fainali ya kanda.
Tulishinda kwa pointi moja.
Wapo wanaosema kidole changu
kilichelewa nusu sekunde.
Watu husema.

Kisha ngazi. Unaibu kwanza, bila nyongeza:
asubuhi mafaili, jioni mazoezi,
chaki na wino kwenye kiganja kimoja.
Kisha kamati ya watu kumi na mmoja,
kisha rais wa chuo akampa mkono,
na mlangoni kikabandikwa kibao:
Mkurugenzi wa Michezo.
Cheo ni koti la kuazima;
lake lilimbana kwapani.
Filimbi aliitia kwenye droo,
akaitoa kokwa kwanza,
isije ikalia yenyewe.

Alijifunza kula nyama nene na matajiri wa mahindi
mpaka paa la ukumbi likaacha kuvuja.
Alijifunza kusema "rasilimali" akimaanisha watu.
Tenisi ya wanaume aliifuta kwa aya tatu,
vijana tisa,
akaenda kuwasomea mwenyewe, uwanjani,
upepo ukimpokonya karatasi.
Mmoja wao akamkabidhi raketi yake, hakusema neno.
Ipo ukutani mpaka leo, nyuzi zimelegea.
Wageni hudhani ni zawadi.

Jana akaniita.
Kuna mashine mpya, akasema,
husikia filimbi ya mwamuzi
na saa ikajisimamisha.
Haihitaji kidole.
Akakunja mkono wa kwanza wa sweta.
"Delwin, nimeigeuza bajeti kila upande."
Nikasema naelewa. Sikuelewa.
Nilitazama viatu vyake, vyeusi, vya kuzikia,
nikamkumbuka akiwa na soksi zenye matundu
akipiga deki sakafu saa tano usiku
kwa kuwa msafishaji alikuwa na homa.

Akakunja wa pili.
"Ile fainali," akasema. "Ile nusu sekunde."

Nilifungua kinywa.
Naye upesi, kama zamani,
akalaza kiganja juu ya ncha za vidole vya kingine,
ishara ya kocha anayeomba mapumziko,
na kidole changu, mpumbavu huyu,
kikaanza kutafuta kitufe
kwenye ukingo wa meza yake.