Soksi ya Upepo

Kila Januari Jiten alikuja na kitambaa cha rangi ya chungwa,
akakitandaza mezani pangu juu ya sare za shule,
akasema: Mama Nyanzobe, upepo umeila tena.
Nami nikakata: mdomo mpana, mkia mwembamba,
mishono miwili miwili, maana upepo wa Kayenze hauna adabu;
ukitoka ziwani saa saba mchana
unafungua kila kilichofungwa kwa haraka.

Wapita njia walidhani nashona suruali ya mguu mmoja.
Waliniuliza, ni nani huyo mwenye paja kama pipa?

Kiwanja chenyewe kilikuwa majani tu,
hatua mia saba toka majabali hadi shamba la dengu la Lushinge.
Hapakuwa na lami. Hapakuwa na uzio.
Palikuwa na Bugumba mwenye filimbi,
kazi yake kufukuza mbuzi ndege ikikaribia,
na mbuzi walimzoea, wakingoja filimbi ya tatu.

Ndege zilikuwa mbili: ya manjano, na ile mbovu.
Ya manjano ilipaa Jumamosi na Jumapili
bila mzigo, bila barua, bila mgonjwa,
ikazunguka juu ya visiwa, ikarudi palepale ilipotoka.
Marehemu mume wangu jambo hilo lilimkera.
Safari isiyofika, alisema, ni petroli iliyopotea njia.

Ilikuwa ya Jiten wa kinu cha pamba, na Dokta Malimi wa meno,
na mwalimu mmoja wa jiografia aliyekopa akanunua hisa yake;
kwa hesabu zangu ilitosha gurudumu moja na mkanda wa kiti.

Nami nilipanda, mara moja,
mwezi ambao hawakuwa na fedha ya kunilipa.
Nilikaza kitenge kwa mafundo mawili, nikafumba macho
mpaka majani yakaacha kupiga kelele chini ya magurudumu.
Hapo nikajua.
Visubi walisimama juu ya maji
kama moshi wa nyumba isiyokuwepo.
Nikaliona paa langu: bati moja jipya, kumi na moja za kutu,
na juu yake, kandambili ya Minza
tuliyoitafuta wiki nzima, tukamsingizia mbwa wa jirani.
Nilicheka hata Jiten akadhani naumwa.

Mwaka huu walikuja vijana na kamba na fito nyekundu,
wakasimika vigingi vya saruji katikati ya njia ya kupaa,
kila kimoja na namba yake, kama makaburi ya watu wafupi.
Ardhi ilikuwa ya baba; watoto wa kaka wamegawana,
kila mtu kipande chake,
na hakuna kipande chenye urefu wa kupaa.

Ile mbovu iliondoka kwa lori,
mabawa yamefungwa ubavuni kama kuku wa mnadani.
Ya manjano iliondoka Jumapili, saa moja asubuhi, upepo haujaamka.
Bugumba alipuliza filimbi zote tatu. Hapakuwa na mbuzi.
Tulisubiri izunguke.
Haikuzunguka. Kwa mara ya kwanza ilikuwa inakwenda mahali.

Sasa Bugumba analinda matofali ya mtu ambaye hajamwona.
Filimbi anayo bado, shingoni; ameniomba nimbadilishie uzi.

Na soksi ya mwaka huu ipo, nimeshaishona, haijachukuliwa.
Nimeitundika mlangoni, wateja wajue fundi yupo.
Ikifika saa saba inajaa, inanyooka,
inaonyesha kule kwenye vigingi, kwa bidii, kama mtoto anayejua jibu.
Daftarini nimeandika: Jiten, soksi moja, elfu ishirini na mbili, bado.

Jana mama mmoja aliishika, akaivuta, akasifu kitambaa.
Kinauzwa?
Nikamwambia, kina mwenyewe,
nikaendelea na vifungo vya mwanawe.