Diko la Tatu

Kibiro, siku ya kumi na moja.
Tumefika sentimita themanini.
Businge anashika uzi, mimi chekecheke,
na Kaahwa, mtaalamu wetu, amelala kifudifudi shimoni
akipuliza vumbi juu ya kigae
kama mtu anayeamsha moto wa jana.

Nyuma yetu genge limesimama wima, mawe na miiba,
na kijia kimoja chembamba kama mshono
kinachopanda kwenda kwenye mihogo na ulezi.
Mbele yetu Mwitanzige, muua nzige,
analamba kokoto
taratibu, kama mtu asiyedaiwa.

Tulikuja kutafuta bandari.
Kwenye barua ya kuomba fedha tuliandika hivyo: bandari.
Neno lenye nanga, lenye forodha, lenye karani.
Tulichopata ni mkaa.
Pingili ya samaki, pana kama kifungo cha koti.
Vigae mia nne na sita,
kimoja kina alama ya kidole gumba pembeni.
Nilitia gumba langu pale. Likaenea.
Hilo sikuliandika daftarini.

Halafu, juu ya jabali, karibu na maji,
michirizi saba, mirefu, laini.
"Mikuku!" Kaahwa akapaza sauti. "Hapa waliburura vyombo!"
Tukaipima. Tukaipiga picha
na kijiti chetu cha rangi nyeusi na nyeupe.
Businge akachora mtumbwi daftarini, akautia na wapiga kasia,
mmoja akampa kofia.

Saa sita akapita Bi Kabatooro
akitoka kwenye mashamba ya chumvi,
mashamba yasiyoota jani,
ambako udongo hutandazwa, hukwanguliwa, hutandazwa tena,
mpaka dunia itoe jasho lake.
Akaitazama michirizi yetu.
Akacheka mpaka akashika kiuno.
"Hapo tulinolea vyuma.
Mama, na mama yake mama. Hata mimi,
kabla tupa za dukani hazijashuka genge."
Akainama, akapitisha kwanguo lake jiweni mara mbili,
krrr, krrr,
na chuma kikaenda bila kuulizia njia.

Kaahwa akafuta. Akafuta mno,
kifutio kikatoboa karatasi.

"Basi mitumbwi ilitua wapi, mama?"
Akaelekeza kidevu ziwani.
"Diko la bibi yangu liko kule, alipozama yule mnandi.
Langu mimi liko hapa karibu,
chini ya mafuriko ya ule mwaka wa barakoa,
pamoja na choo cha shule, na mizani ya samaki,
na kibanda cha Alituha na sabuni zake zote.
Hili mnalokanyaga ni la tatu.
Msilizoee."

"Na gati? Mawe yaliyopangwa? Nguzo?"
Akatutazama kama watoto waliouliza
ng'ombe huvaa viatu namba ngapi.
"Chombo kilikuja, tukaingia majini mpaka hapa,"
akajipiga paja,
"chumvi kichwani ikienda, chakula kichwani kikirudi.
Gati lilikuwa na magoti."

Kaahwa hakujibu.
Katika fomu yetu kuna safu ya vifaa vya ujenzi:
jiwe, mti, udongo, vinginevyo.
Peni yake ilikaa juu ya *vinginevyo*
muda mrefu, ikaacha doa.

Kisha mashine ikakohoa,
mtumbwi wa ng'ambo ukaja na magunia,
mawimbi yakiusukuma ubavu, nahodha akipiga mluzi.
Wanawake wakakunja vitenge. Hawakusubiri.
Mmoja akaniangalia mikono mitupu,
nikaweka chekecheke chini.

Maji yalikuwa baridi kuliko nilivyodhani.
Gunia likanikalia utosini, unga ukanimwagikia shingoni.
Hatua ya nne, ya tano,
chini ya unyayo wangu kitu kikakatika,
chembamba, chenye ukingo wa mviringo.
Kigae, pengine. Au kifuniko cha ndoo ya Alituha.

Nyuma yangu mtu alikuwa ananisukuma kwa tumbo,
"Songa, songa."
Nikasonga.